Mgawo wa Bibi Mdogo

Baada ya arobaini ya mama tulikaa siku mbili tukiondoa vitu katika nyumba yake ya Chanji. Dada zangu walichukua vyombo na vitenge. Mimi nikabaki na sanduku la karatasi: vyeti vya ubatizo, kadi za kliniki, barua za baba, na chini kabisa daftari langu la darasa la tatu, lile la karatasi ya kijivu lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Panya walikuwa wameonja pembe moja. Nilifungua nikitegemea hesabu, nikakuta orodha. Juu nilikuwa nimeandika WATU WEMA na kupiga mistari miwili kwa rula.

Majina yalikuwa sita. Matano yamekatwa. Lililobaki ni la Bibi Mdogo, na chini yake mambo matatu yenye namba, kwa mwandiko wa mtoto anayebonyeza kalamu mpaka karatasi inataka kutoboka. Nilisoma lile la tatu, nikafunga daftari, nikatoka uani kukaa kidogo.

Tulio wa rika moja hatuhitaji kuelezana sana juu ya miaka ile. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Kaengesa, nyumba zimepangwa mistari juu ya uwanda usio na mti wa kuzuia upepo. Asubuhi ya Juni tulikwenda shule tumejifunga mashuka shingoni, vidole vimekufa ganzi. Siku mbili za wiki watu wazima walikuwa kwenye shamba la kijiji, siku nyingine kwenye mahindi na ulezi wao. Na vitu vya dukani vilikuja kwa mgawo. Gari likishafika, mwenyekiti alipiga filimbi, watu wakapanga mstari, akasoma majina ya kaya moja moja: sukari nusu kilo, chumvi, kipande cha sabuni. Mwisho wa mstari mara nyingi hapakuwa na kitu. Mtoto wa wakati ule alijua maana ya mgawo kabla hajajua kusoma.

Babu yangu alikuwa na wake wawili, kwa hiyo aliandikwa kaya mbili, na wazee wenzake walimtania kwamba hiyo ndiyo faida pekee iliyomfikia mpaka uzee. Mke wa kwanza alikuwa Bibi, mama mzazi wa baba: mrefu, mkali wa maneno, mguu mmoja mbovu, amebatizwa tangu msichana. Wa pili ndiye Bibi Mdogo. Huyu alikuwa mfupi, sauti yake ya chini kiasi kwamba ilibidi usogee, na hakuwahi kuzaa. Wao wenyewe hawakutajana majina. Kila mmoja alimwita mwenziwe "mwenzangu". Babu hakuwa Mkristo. Alisema atabatizwa akishaona mlango wa kutokea, na mpaka hapo asisumbuliwe.

Mwaka wa daftari hilo nilikuwa nafundishwa dini kwa ajili ya Komunyo ya kwanza. Mwalimu wetu alikuwa katekista mwembamba mwenye baiskeli isiyo na kengele; akitaka kupishwa njiani alikohoa. Kila Jumatano na Ijumaa mchana tulikutana katika kanisa la kigango, jengo la matofali mabichi lililoezekwa nyasi, tukakaa chini ili tusichakaze mabenchi. Alikuwa na picha za watakatifu alizopewa misheni, amezifunga kwenye mfuko wa nailoni, na alizitoa moja moja kama mtu anayetoa mayai. Hatukuruhusiwa kuzigusa. Alizipitisha mbele ya nyuso zetu, kutoka mtoto hadi mtoto, na kila aliyepitishiwa alibana pumzi.

Niliyempenda kupita wote alikuwa mwanamke mwenye bakuli. Jina lake limenitoka na sitaki kumbunia jingine. Katekista alisema mji wao ulipata njaa, chakula kikawa kinagawiwa, na mwanamke huyo kila siku alisimama mwisho wa mstari, na mtu akija nyuma yake alimpisha mbele. Kwa hiyo hakuna siku hata moja aliyofikiwa. Tulielewa vizuri sana. Mtoto mmoja akauliza kwa nini mwenyekiti wao hakumwandika mapema. Katekista akasema siku hizo hawakuwa na mwenyekiti, na wote tukamwonea huruma zaidi yule mama.

Mimi kilichonishughulisha ni lile duara la dhahabu nyuma ya kichwa chake. Niliuliza kama duara huonekana mchana au giza likiingia tu. Katekista alinitazama kuona kama ninamchezea, kisha akasema, "Duara ni la mchoraji. Wewe angalia mikono ya mtu."

Nilikuwa mtoto wa kuandika vitu. Niliandika magari yaliyopita barabara ya Sumbawanga, niliandika kuku wa jirani na rangi zao. Basi nikaanza kuangalia mikono. Nilimweka mwenyekiti kwenye orodha kwa sababu aligawa sukari ya kijiji kizima. Nikamkata siku nilipoona shemeji yake akiondoka na sabuni mbili. Nilimweka katekista, nikamkata alipompiga mbwa teke. Mwalimu wa darasa letu alidumu wiki moja. Babu nilimkata kwa kulala ndani ya mfereji wa shamba la kijiji huku wenzake wakilima, na Bibi nilimkata kwa ulimi wake, nikahuzunika, maana nilimpenda.

Bibi Mdogo sikuweza kumkata. Jambo la kwanza niliandika: sukari yake anawapa wanaonyonyesha. Kila mgawo ulipokuja alirudi na nusu kilo yake, na kabla ya jua kuzama ilikuwa imekwisha, kijiko kwa huyu, kijiko kwa yule. Jambo la pili: anamchotea Bibi maji kila siku, na anamwachia ndoo mlangoni bila kupiga hodi, ili asishukuriwe. Jambo la tatu nililigundua kanisani.

Padre alikuja kigangoni kwetu Jumapili moja kwa mwezi. Wakati wa Komunyo watu walipanga mstari, Bibi akiwa mbele na fimbo yake, lakini Bibi Mdogo hakunyanyuka. Alibaki kwenye benchi la mwisho kabisa karibu na mlango, mikono juu ya mapaja, akitazama wenzake wanavyokwenda na kurudi. Nilifuatilia miezi mitatu na ilikuwa hivyo hivyo. Halafu siku moja, watu walipokuwa wengi, nilimwona padre akivunja hostia, ile mikate myembamba ya Komunyo, vipande viwili viwili ili zitoshe. Hapo mambo yote yakakaa mahali pake. Niliandika: 3. Hali Komunyo ili isiwapungukie wengine.

Nilitembea wiki nzima na siri hiyo, nimejaa fahari. Nilikuwa naishi ua mmoja na mwanamke wa bakuli, na hakuna mwingine aliyejua.

Ukafika mtihani wetu. Ulifanyika baada ya Misa, watu wote wakiwa bado wamekaa, kwa sababu wazazi walipenda kusikia watoto wao. Padre alikuwa Mfipa mwenzetu, mtu mzima, mpole, mwenye buti za mvua chini ya kanzu. Aliuliza amri, tukajibu. Aliuliza sakramenti, tukajibu. Kisha akasema anataka tumtajie mtu mtakatifu na jambo jema alilolifanya. Wenzangu walitaja wale wa kwenye picha. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikasema kwa sauti kubwa:

"Bibi Mdogo wa kwetu. Hali Komunyo, anawaachia wengine mgawo wake."

Kicheko kilianza upande wa wanaume. Mtu mmoja, ambaye kazi yake kijijini ilikuwa kuchekesha, akasema, "Mgawo wake alishachukua zamani. Alipewa mzee mzima." Wakacheka zaidi, na baadhi ya wanawake wakaficha midomo kwa kanga.

Padre aliinua mkono wakanyamaza. Naamini alitaka kunisaidia. Aliinama akaniambia, kwa upole uliosikika mpaka mlangoni, kwamba bibi yangu hapokei kwa sababu ni mke wa pili, na mke wa pili hawezi kubatizwa akiwa bado nyumbani kwa mume huyo. Si kwamba anatoa, akasema. Ni kwamba hawezi kupewa.

Niligeuka. Bibi Mdogo alikuwa amekaa vile vile, mikono mapajani, lakini sasa kila uso ulikuwa umemwelekea. Hakuondoka. Alisubiri sala ya mwisho, akafanya ishara ya msalaba, akakunjua mwavuli wake, akamngoja Bibi nje. Walitembea pamoja mpaka nyumbani. Mimi nilifuata nyuma yao, na hakuna aliyegeuka kuniita.

Jumapili iliyofuata, katekista alipotuongoza ibada, benchi la mwisho lilikuwa wazi. Na iliyofuata pia. Nilipomuuliza Bibi Mdogo alisema ni magoti. "Benchi lile gumu, mama. Magoti yamechoka." Alisema bila ukali, na akanipa kiporo cha viazi. Lakini nilikuwa nimemwona asubuhi ile ile amepiga magoti hayo hayo akipalilia maharage.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho, tangu kanisa la kule tulikohamishwa, miaka mingi kuliko umri wa baba. Hakupewa kitu kingine pale kanisani, ila hiyo nafasi. Watu walikuwa wamezoea kumwona mpaka hawamwoni, na mimi niliwafanya wote wageuke. Hata mtoto wa miaka tisa aliweza kuelewa hivyo. Nilichukua gunia tupu, nikalikunja mara nne, nikalitandika mahali pake ili benchi lisiwe gumu. Jumapili ya tatu mwanamke mmoja alikuta gunia langu akaweka kikapu chake juu.

Wiki hiyo tulikuwa shambani na Bibi. Mvua za mwisho zilikuwa zinanyesha na majani yamesimama, wakati ambapo huku kwetu watu hukata nyasi na kuzifukia ndani ya matuta ya duara, zioze, ziwe mbolea ya mwaka unaofuata. Bibi alikaa chini akifukia kwa mkono kwa sababu ya mguu wake, mimi namsogezea majani. Bibi Mdogo alikuwa ng'ambo ya shamba, mbali, tunaona mgongo wake tu. Nilitegemea Bibi anigombeze, maana kwa siku zote hizo alikuwa hajanigombeza, na hilo lilinitisha.

Aliniambia, "Umemuuliza kwa nini haji?"

Nikasema amesema ni magoti.

"Magoti," Bibi akasema, na akafukia rundo zima kabla ya kuendelea.

Kisha akanieleza, na nitaeleza kwa kifupi kama alivyoeleza yeye. Baba alipozaliwa, Bibi aliugua miezi minane, hana maziwa, hana nguvu ya kukaa. Bibi Mdogo alikuwa ameolewa mwaka uliotangulia na alikuwa anasoma dini. Padre wa wakati huo, ambaye si huyu, alimwita akamwambia atoke kwa mume wa mtu, arudi kwa kaka yake, naye atambatiza Pasaka. Bibi Mdogo alikubali. Alitaka sana ubatizo, alikuwa amekwisha kuchagua jina. Alifunga mzigo wake, akaja kumuaga Bibi kitandani.

"Alifika mlangoni," Bibi akasema, "baba yako akalia. Akatua mzigo ampe uji kwanza. Alipomaliza kumpa uji jua lilikuwa limezama. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Mzigo ulikaa pale mlangoni mpaka nilipopona, na nilipopona mtoto alikuwa anamwita mama."

Nilimuuliza jina alilokuwa amechagua. Bibi alisema hilo si la kwake kulitaja.

Tulifukia tuta zima. Halafu akanipangusa tope la shavuni kwa kidole kilicho na tope zaidi, akasema, "Wewe ulisema kweli, ila ulisema kijinga. Sasa nyamaza, acha wakubwa wafanye kazi."

Kazi yenyewe aliifanya jioni ya Jumamosi, siku moja kabla ya Komunyo yetu. Nilikuwa ndani najaribishwa gauni jeupe la kuazima, linanuka bluu ya kufulia, na dirisha lilikuwa wazi. Bibi alisimama mlangoni kwa Bibi Mdogo, ameegemea fimbo, akamwambia kwamba kesho mvua itanyesha, mguu wake haufai kwenye utelezi, na mwavuli wa nyumba hii ni mmoja tu.

Bibi Mdogo akamwambia auchukue mwavuli.

"Nitashikaje mwavuli na fimbo, mwenzangu? Nina mikono mingapi?"

Babu akapaza sauti kutoka kwenye kibao chake karibu na moto kwamba yeye angemshikia, lakini anaogopa padre atamdondoshea maji kichwani akiwa hajajiandaa. Nikasikia Bibi Mdogo anacheka, kicheko kifupi cha puani, na hapo nikajua atakuja.

Lakini kuja tu hakukunitosha. Usingizi ulipokuwa unanichukua niliamua jambo, na nitalisema bila kulipamba, maana nilijua kuwa ni kosa. Tulikuwa tumefundishwa kwamba hostia haiguswi kwa mkono wala haitafunwi. Unafungua mdomo, unaipokea juu ya ulimi, unarudi kwenye nafasi yako umeinamisha kichwa. Niliona kwamba hakuna aliyesema ni lazima umeze hapo hapo. Kama padre hawezi kumpa, na yeye alitoa wake kwa ajili ya baba yangu, basi mimi ningempelekea wangu.

Mvua ilinyesha kweli. Waliingia wameloa upande mmoja mmoja, Bibi upande wa kulia na Bibi Mdogo wa kushoto. Bibi alikiinua kile kikapu cha watu kwenye benchi la mwisho, akakiweka chini bila kumwangalia mwenye kikapu, akaenda mbele. Bibi Mdogo akakaa juu ya gunia langu.

Tulikuwa watoto kumi na wawili. Tulipiga magoti mbele ya altare, wasichana kwanza. "Mwili wa Kristo." Nikasema amina, nikafungua mdomo. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani, haina ladha. Niliigandisha kwenye kaakaa kwa ulimi, nikainuka, na wenzangu walipogeukia benchi la mbele mimi nikashika njia ya katikati kuelekea mlangoni. Nilimpita katekista. Alikohoa, kile kikohozi chake cha baiskeli, lakini sikupisha. Nilipita wanaume, nikapita mwenye maneno ya kuchekesha, ambaye safari hii alivuta miguu. Mdomo ulianza kujaa mate na nikahisi kile nilichobeba kinalainika, upande mmoja ukaondoka, halafu wa pili. Nikaongeza mwendo, jambo ambalo tulikatazwa pia.

Nilisimama mbele ya Bibi Mdogo, nikapiga magoti kwenye udongo ili mdomo wangu uwe karibu naye, nikaufungua.

Aliangalia ndani kwa makini, kama anayetafuta jino linaloniuma. Sijui aliona nini. Nadhani kilikuwa kimebaki kipande kidogo kisichozidi kucha. Nikamwonyesha kwa kidole: hiki, chako. Alielewa. Niliona alivyoelewa kwa jinsi mikono yake ilivyoacha mapaja ikabaki hewani, haijui pa kwenda. Kanisa zima lilikuwa limegeuka tena, mara ya pili katika mwezi mmoja, na tena ni kwa sababu yangu. Kule mbele padre alikuwa amesimama na kikombe mkononi, anangoja.

Bibi Mdogo hakuwatazama. Aliinama mpaka paji lake likakaribia langu, akasema kwa ile sauti yake ya chini ambayo siku hiyo, kwa ukimya uliokuwepo, watu wote waliisikia:

"Meza, mama. Mimi nimeshiba."

Nikameza. Akanifuta mdomo kwa pindo la kanga, kama anavyofutwa mtoto aliyetoka kula, kisha akajivuta pembeni kidogo akanipa nusu ya gunia.